Nyumba ya Ngazi Kumi na Nne

Nsimire mwanangu mpendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana aliyetulinda paka leo. Habari ya afya yako? Unakula? Baridi ya kule haikuumizi kifua? Najua unacheka, maana leo asubuhi tumekunywa chai pamoja na afya yako naijua kuliko yangu. Lakini barua hii hautaisoma hapa kambini Dzaleka. Utaisoma Kanada, siku ambayo mi sitajua kama umelala vizuri ao hapana, kwa hiyo nakuuliza mapema. Mi niko salama. Mgongo tu njo unanisumbua, na huo mnajuana.

Saa hii ni Jumapili mchana. Umetoka na baiskeli ya kabaza mpaka barabarani, upande minibasi ya Lilongwe, umuage mama yako mdogo Riziki kule Kawale. Umesema utarudi jua likiwa bado liko. Nimefunga mlango, nimeweka karatasi juu ya mashini ya kushona, na koti lako jipya liko magotini pangu. Nimefumua bitana yake upande wa kushoto. Nikimaliza kuandika nitaingiza barua mule na kuirudisha kwa uzi mwekundu, mshono wa kulegea. Kesho, gari likikuja kukuchukua, nitakuambia neno moja: ukifika, vuta uzi mwekundu. Utafikiri ni mambo ya mafundi.

Ya kutunza paspoti, ya kusali, ya kutotembea na kila mtu anayekuchekea, hayo nimekwisha kukuambia paka umechoka. Hapa nataka kukuambia makosa yangu. Moja unalijua, ulikuwa mule ndani likifanyika. Lingine hakuna aliyelijua isipokuwa baba yako, na yeye amelala pale makaburini tangu ukiwa na miaka tisa.

Nianze na lile unalolijua.

Unakumbuka siku Inosenti alileta zile baflu kubwa za sauti kwenye chumba chake cha michezo ya video, nyuma ya banda letu la kushonea. Mbele ya hapo nilikuwa nasikia kelele za batoto tu, na mipira ya kwenye televizyo. Siku ile nilikuwa nampima bibi harusi, robe aliyovaa imejaa pini kila upande. Nikasikia risasi. Si risasi za kuchezea, Nsimire. Ilikuwa ile ya kwanza moja, halafu kimya, halafu nyingi pamoja, na muntu analia kwa mbali. Nilimkamata yule binti nikamwangusha chini, nikalala juu yake, kichwa chake nikakisukuma chini ya meza. Pini zote zikamwingia.

"Mama! Mama, ni batoto banacheza!" akalia. "Unaniua na mapini!"

Mafundi wengine walicheka paka wakashika mbavu. Papa Shukuru akaniambia, "Mama Nsimire, vita imeisha, inuka, tulishinda." Mi nguo ilikuwa imelowa, na aibu ikageuka hasira. Njo nikaenda kuita wamama wa maombi.

Yaliyofuata uliyaona. Tuliingia kwake Inosenti tukiwa sita, na chupa ya mafuta ya upako. Mama Debora akakemea, mi nikamwaga. Nikamwaga juu ya ile mashini ya mchezo, kwenye vile vitundu inavyopumulia. Moshi ukatoka. Tukapiga kelele, haleluya, pepo anatoka!

"Hiyo si pepo, wamama!" Inosenti analia kabisa. "Ni nyaya zinaungua!"

Na we ulikuwa umekaa pale mbele, miaka kumi na tano, baflu ndogo za masikio shingoni, unaniangalia. Jioni tu njo uliniambia, "Mama, ile ni sauti tu." Nikakujibu, "Sauti njo ilitutoa Bukavu." Tukalala bila kuombeana usiku mwema, na ilikuwa vile siku nyingi.

Wamama waliendelea kushuhudia kanisani juu ya ule moshi. Mi nilienda kwa Inosenti nikamshonea rido nzito za madirisha, ili picha zake zionekane vizuri mchana. Alizipokea, akashukuru, "Zikomo, mama," kama anavyomwambia mteja, na kila mwaka huwa anasahau kidogo zaidi. Kosa langu si kwamba niliogopa. Mwili hauna masomo, Nsimire. Unasikia risasi, unalala chini, hauulizi kama ni ya kweli. Kosa langu ni kwamba sikukuuliza we ulikuwa unafanya nini mule ndani.

Ni rafiki zako njo walinieleza, tena kwa kukucheka. "Mama, Nsimire hajui kupiga risasi. Banamuua kila saa, juu anasimama kuangalia marido ya bantu!" Kumbe wenzako walikuwa wanakimbizana na bunduki, na we ulikuwa unaingia kwenye nyumba za mule, unapanda ngazi zao, unafungua milango, unaangalia jua linavyopita dirishani. Mtoto wa chumba kimoja cha matofali ya udongo. Ulikuwa unatoka kwa Inosenti na macho ya mtu aliyesafiri, na mi nilidhani ni pepo.

Sasa niende kwa lingine. Nimesimama kidogo kunywa maji. Nimerudi.

Ulipoanza kujifunza ordinatere, mambo ya kompyuta, pale centre ya vijana, ukaja siku moja na daftari. Ukaniambia unataka kutengeneza mchezo wako. Mtu amerudi nyumbani kwao baada ya miaka mingi, anaingia, anapita chumba kwa chumba, anatafuta mama yake anayemwita. Hakuna bunduki. Ukaniambia, "Mama, nataka ikuwe nyumba yetu ya Bukavu. Kabisa kabisa. Nielezee byote."

Nikakueleza. Nyumba ya Muhumba, juu ya ziwa. Ngazi kumi na nne za karo, vigae vyekundu, kutoka kwenye geti. Mlango wa bluu. Salon, yaani sebule, yenye kabati ya vioo, meza ya watu wanane, saa ya ukutani inayochelewa dakika tano. Uliandika mikono ikakuuma. Ukashangaa, "Mama, we unakumbuka hata karo?" Nikakuambia hata ule ufa naukumbuka, ngazi ya tisa, kona ya kulia. Ukanikumbatia.

Nsimire, mtu hawezi kujua ufa wa ngazi ya tisa kwa sababu aliishi pale. Anaujua kwa sababu ameupangusa. Ile nyumba haikuwa yetu. Ilikuwa ya Madame niliyetumika kwake miaka minne, kufua na kupiga deki. Nilikuwa boyesi. Kila asubuhi nilianza na zile ngazi, nikiwa nimepiga magoti, kutoka juu kwenda chini, na ule ufa ulikuwa unanikata kidole kila nikijisahau.

Siye tulikaa Kadutu, mlimani huko huko Bukavu, chumba kimoja cha mbao. Baba yako alikuwa anabeba magunia kule bandarini. Wewe ulizaliwa mule.

Utaniuliza ilianzaje. Ilianza kwenye bomba, hapa hapa Dzaleka, mwaka ule ulikuwa na miaka sita. Unajua wamama wakipanga ndoo mstari, kila mmoja alikuwa malkia kwao. Huyu alikuwa na ng'ombe, huyu alikuwa na nyumba ya etaji, ya ghorofa, yule mume wake alikuwa direkta. Ukavuta kitenge changu, ukauliza mbele ya wote, "Mama, na siye tulikuwa na nyumba?" Nikasema, "Ndiyo. Ya ngazi kumi na nne." Wakanyamaza wote. Ile kimya ilikuwa tamu, mwanangu, siwezi kukudanganya tena.

Jioni baba yako aliniambia taratibu, "Mama Nsimire, hiyo nyumba siku moja itatuangukia." Nikamwambia, ni ya kumlaza mtoto tu. Lakini haikuwa ya kukulaza we peke yako. Nikiwa nashona, nilikuwa naingia mule. Nakaa kwenye kiti cha Madame, naangalia ziwa, namwita mtu aniletee chai. Siku nyingine mteja anaita mara tatu sisikii. Kwa hiyo ukisikia watu wanakusema juu ya michezo, kwamba unapotea mule ndani, jua mama yako njo alikuwa mchezaji wa kwanza wa familia hii. Mi sikuwa hata na umeme.

Sasa ile siku ya miwani.

Mlinipigia simu nije centre, mchezo umekwisha. Nikavaa kitenge kizuri. Inosenti alikuwepo, mwalimu wenu alikuwepo, na wale rafiki zako wa kucheka. Mlinionyesha ile miwani mikubwa ya kuingilia ndani ya mchezo, kama ya mchomelea vyuma. Kabla sijaivaa, nikavua ndala.

"Mama, baki na ndala, hakuna mwenye anaona," ukasema.

"We niache."

Sikujua kwa nini nimezivua. Miguu ilijua.

Halafu mkanifunika macho, na nikawa niko Muhumba. Nsimire, nimeomba miaka mingi Mungu anirudishe kule hata kwa ndoto, na hakunirudisha hata mara moja. Wewe ulinirudisha saa nane mchana, hapa penye vumbi. Niligeuza kichwa, ziwa likawa pale linapotakiwa kuwa. Nikasikia ndege. Nikaangalia chini, karo nyekundu, na jua limeziangukia kwa upande kama linavyoziangukia asubuhi. Nikapanda nikihesabu. Ya tisa, kona ya kulia, ulikuwa umeweka ufa. Kidole changu kikaniuma. Kweli kiliniuma, niliingiza mdomoni, na mkafikiri nashangaa.

Mlango wa bluu ukafunguka, na sauti ikaita kutoka salon: "Nsimire, kuya kula, chakula inapoa!" Ilikuwa sauti yangu. Ile uliyoirekodi kwa simu siku moja nikisonga nsima, ukaniambia ni ya ukumbusho.

Miaka minne sikuwahi kukaa mule, hata mara moja. Niliingia na sahani, nikatoka na sahani, kwa mlango wa jikoni. Na sasa sauti yangu inaniita nikae kwenye meza ya Madame. Mwili ukakataa. Nikageuka kwenda nyuma.

"Mama, unaenda wapi? Mulango iko hapo mbele! Ingia basi mu salon!"

Sikuweza. Nikarudi mpaka kwenye ngazi, na pale kwenye ya tisa magoti yakakunjika yenyewe. Nikashika ncha ya kitenge, nikaanza kupangusa. Nilikuwa napangusa sementi ya centre yenu, Nsimire. Nikasikia Inosenti ananong'ona, "Mumuache, anasali." Mtu akaanza wimbo. Wewe ukaja ukapiga magoti kando yangu, unalia, mkono wako mgongoni pangu.

Nilivua ile miwani nikaona nyuso zenu zote. Ningesema pale. Badala yake nikasema, "Bwana asifiwe."

Nimelitumia jina lake kufunika uongo wangu. Nimeombea hilo mara nyingi, na kila nikiomba Bwana ananiambia moyoni, "Si Mimi tu unayepaswa kumwambia."

Halafu ukaandika barua ya kuomba nafasi ya masomo. Ulinisomea ukiigeuza kutoka Kiingereza: mama yangu alipoiona nyumba yetu tena, alipiga magoti akasali. Ukaniuliza, "Ni muzuri, mama?" Nikasema ni nzuri. Nilikuwa napasi sketi, na niliiunguza.

Sasa unaenda Kanada kwa ajili ya ile nyumba. Ningeweza kukuambia leo ukirudi kutoka Kawale, uso kwa uso, kama mtu mwenye heshima. Nimeogopa. Nakujua, we huwezi kubeba kitu kisicho chako. Ulipookota simu ya mzungu kule soko la Tsoka ulizunguka siku nzima unamtafuta mwenyewe. Ungeshusha sanduku, ungesema siendi. Kwa hiyo nimeificha kweli ndani ya koti, na huo nao ni woga, nisamehe na huo pia. Kama utawaambia watu wa chuo, ao hautawaambia, hiyo ni yako kuamua. Mi naona walichokitaka ni mikono yako. Mikono hiyo haikudanganya. Uliambiwa ngazi, ukajenga ngazi, na ilikuwa kweli paka ikamkunja magoti mtu aliyeziosha.

Kitu kimoja tu nilikiona hakipo. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na ndoo ya bati na kitambaa cha kijivu. Haukuviweka, maana sikukuambia. Kule utajenga nyumba nyingi, za watu wakubwa, nzuri kuliko ile. Kila ukimaliza moja, tafuta mwenyewe ndoo iko wapi. Sitaki kukuhubiria. Mi tu ningefurahi kuiona.

Na sasa ile inayoniuma zaidi, njo imenifanya niandike.

Tangu siku ile, nikifunga macho kuitafuta Kadutu, inakuja picha yako. Ina rangi kali, ina ndege, ina ziwa. Ya mbao inafifia. Nilikuwa nadhani nimeificha tu, nitaitoa siku moja ikiwa nzima kama nguo kwenye sanduku. Kumbe nguo usiyoivaa panya wanakula. Ngazi za Madame nazijua zote kumi na nne. Za kwetu, zile za udongo za kupanda mlimani, sijui hata zilikuwa ngapi. Nilikuwa natoka giza na kurudi giza. Sikuwahi kuziangalia.

Nilichobaki nacho nakupa chote. Ukuta wa upande wa mlango ulikuwa na gazeti zimebandikwa kuzuia upepo, na moja ilikuwa kichwa chini, baba yako alikuwa anapinda shingo kuisoma na wewe mkononi. Msumari mmoja, koti lake. Bati lilikuwa na tundu dogo, na mchana jua lilikuwa linashuka mule kama sarafu, unalikamata na kiganja, unafungua, halipo, unacheka. Mvua ikinyesha hatukuweza kusemezana, tulikuwa tunaangaliana tu. Jirani alikuwa na redio na alikuwa anaimba vibaya kuliko redio. Chakula tulikula chini, sahani moja watatu, na baba yako alikuwa anajifanya ameshiba.

Ndizo hizo tu. Ni chache, na hakuna hata moja ninayoweza kukupimia kwa hatua.

Ule mchezo na miwani yake viko kwa Inosenti, umemwachia anifungulie kila Jumamosi. Jana nimeenda. Alinisogezea kiti, akaniambia, "Mama, leo hakuna mafuta?" Nikacheka, naye akacheka, njo mara ya kwanza tangu ule moshi. Nikavaa miwani, nikapanda, nikafika paka mlango wa salon. Sauti yangu ikaita. Nikasimama pale nikiisikiliza inakuita we, jina lako, chakula inapoa, na nikakumbuka wiki ijayo hautakuwepo hapa wa kuitwa. Sikuingia. Nikatoka nje kukaa juani.

Nsimire, ukipata nafasi kati ya masomo, nijengee ile ya mbao. Hata ikiwa ndogo, hata ikiwa na makosa, nitakuambia hapa si hivi, pale si vile, tutaitafuta pamoja we ukiwa kule na mi hapa. Sauti yangu itoe kwenye meza ya Madame uilete mule. Na mlango wetu haukufunga vizuri, ulibaki wazi kidogo chini, mwanga ulikuwa unaingia. Usiutengeneze. Siku ukiimaliza nitavua ndala, na nikisikia naitwa nitaingia, nitakaa chini, nitakula.

Nasikia batoto wanakuita jina lako njiani, umerudi. Nafunga bitana.

Usikae kimya, mwanangu. Hata kama umekasirika, nijibu hivyo hivyo na hasira yako, lakini nijibu mapema.

Ni mimi mama yako anayekupenda,
Mama Nsimire